Jicho, Kamera na Nukta Iliyopotea



 Mwaka huu nimeombwa kuandika makala ya elimu ya sayansi, nami nimeona bora nianze na jambo lililotokea katika ukoo wetu, kisha niwaeleze elimu iliyomo ndani yake.

Marehemu babu yetu alikuwa na daftari aliloandikia mambo yake kwa hati za Kiarabu, kama walivyokuwa wakifanya wazee wengi wa Pemba. Katika ukurasa mmoja aliandika kwamba ndani ya shamba lake mna mikarafuu iliyo haki ya dada yake, na akaitaja idadi yake. Ilipokuja haja ya kugawa shamba, kijana mmoja wa nyumbani aliupiga picha ukurasa ule kwa simu. Ilikuwa usiku, chini ya taa hafifu, naye alisimama mbali kidogo, kwa hiyo picha ikachukua daftari zima na meza yake. Akamtumia ndugu yake, naye akaipeleka mbele, mpaka ikamfikia ami yetu aliyeko Maskati, ambaye ndiye msomaji wetu wa hati za zamani. Ami akaitazama picha, akasema: mikarafuu mitano.

Wajukuu wa yule bibi wakanyamaza, maana hawakuwa na ushahidi mwengine. Lakini mama mkubwa wetu mmoja, ambaye hajui kompyuta wala simu kubwa, akasema, "Picha si daftari. Leteni daftari." Daftari likaletwa, likafunguliwa dirishani mchana kweupe. Pembeni ya tarakimu ya tano palikuwa na nukta ndogo ya wino uliofifia. Nanyi mnajua, wanafunzi, kwamba katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta. Babu hakuandika ٥, aliandika ٥٠. Si mikarafuu mitano, ni hamsini.

Katika jambo hili hakuna aliyedanganya. Kijana alipiga picha kwa nia njema, na ami alisoma alichokiona. Nukta ilipotea njiani. Ilipotea vipi? Ili kulijibu suali hilo inatubidi tuelewe kwanza jicho la mwanadamu linavyoona, kwa sababu wataalamu waliotengeneza kamera na picha za kompyuta walilichunguza jicho kwanza, ndipo wakaamua nini kihifadhiwe katika picha na nini kitupwe.

JICHO LINAONAJE?

Zamani za Wayunani, wanachuoni wakubwa kama Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miali yake, nayo miali hiyo huenda kukigusa kitu ndipo tukakiona. Aliyeivunja rai hiyo kwa hoja nzito ni Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki karibu na mwaka 1040, baada ya kuishi Misri miaka mingi. Katika Kitab al-Manadhir, kitabu chake cha juzuu saba, alieleza kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba mtu akilitazama jua jicho humuuma. Lau jicho ndilo linalotoa miali, lisingeumizwa na kitu kilicho nje. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi.

Ibn al-Haytham alisema pia jambo la pili ambalo ndilo tunalolihitaji leo. Alisema kwamba kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho hupokea mwanga na rangi, lakini kukitambua kitu, ukubwa wake na umbali wake, ni kazi ya akili inayopima na kulinganisha kwa haraka hata mwenyewe asijue kwamba amepima.

Hata hivyo yeye hakufikia kila kitu. Alidhani kwamba sehemu inayohisi mwanga ni lenzi ya jicho. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwamba lenzi hupitisha mwanga tu, na picha huchorwa nyuma ya jicho, juu ya utando uitwao retina, tena huchorwa juu chini. Ndivyo elimu inavyokwenda: huyu hujenga msingi, na yule huongeza tofali.

Katika retina mna seli za aina mbili zinazohisi mwanga. Za kwanza zina umbo la kijiti, nazo ni nyingi sana, kiasi cha milioni mia moja katika kila jicho. Hizi hufanya kazi usiku, lakini hazitofautishi rangi. Ndiyo maana katika mbalamwezi khanga nyekundu na khanga ya kijani zote huonekana za kijivu. Seli za pili zina umbo la pia, kiasi cha milioni tano au sita. Hizi ndizo zinazotupa rangi, nazo zimesongamana zaidi katika kishimo kidogo katikati ya retina. Unaposoma mstari huu, ni maneno machache tu yaliyo ndani ya kishimo hicho. Mengine yote yamo katika ukungu, ila jicho linakimbia huku na huko upesi hata ukadhani unauona ukurasa mzima sawasawa.

Sasa tazama hesabu hii. Seli zinazopokea mwanga ni zaidi ya milioni mia, lakini nyuzi za fahamu zinazotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ni kama milioni moja tu. Maana yake ni kwamba jicho lenyewe linabana habari kabla ya kuzituma. Halipeleki kila kitu. Hupeleka zaidi mipaka, yaani pale penye mwanga panapokutana na penye kiza, na pale palipobadilika. Ukuta mweupe usio na alama hauna mengi ya kuelezwa.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Chora alama ya msalaba ya kujumlisha (+) kwenye karatasi, na upande wake wa kulia, kwa umbali wa sentimita 8, chora doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia itazame ile alama ya kujumlisha tu, usilitazame doa. Ishike karatasi mbali, kisha isogeze polepole karibu na uso. Itakapofika kiasi cha sentimita 30, doa litatoweka kabisa.

Limekwenda wapi? Mwanga wake umeangukia mahali pa retina ambapo nyuzi za fahamu hutokea, na hapo hapana seli hata moja ya kuona. Mfaransa Edme Mariotte aligundua jambo hili katika miaka ya 1660. La kushangaza si kwamba pana tundu katika kuona kwetu. La kushangaza ni kwamba hatulioni tundu hilo, kwa kuwa ubongo hulijaza kwa rangi ya karatasi iliyo pembeni. Shika jambo hili, tutalirudia: macho yetu hujaza yasiyokuwepo, wala hayatupi habari kwamba yamejaza.

PICHA YA KOMPYUTA NI HESABU

Ukiikuza sana picha iliyomo katika simu, utaona imegawika vijiraba vidogo kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi nyingi. Kila kijiraba huitwa pikseli. Ndani ya simu pikseli haina rangi yoyote, ina namba tatu tu: moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kila namba huanzia 0 mpaka 255. Namba tatu zikiwa 0 zote, ni nyeusi. Zikiwa 255 zote, ni nyeupe. Kwa mpangilio huo unaweza kuandika rangi 16,777,216.

Kwa nini rangi tatu, wala si mbili au saba? Si kwa sababu ya mwanga, kwani mwanga wa jua una rangi zisizo na idadi, kama mnavyoona katika upinde wa mvua. Ni kwa sababu ya jicho. Mwaka 1802 Thomas Young wa Uingereza alitoa rai kwamba jicho lina vipokezi vya aina tatu tu. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alionyesha hadharani mjini London picha iliyopigwa mara tatu kupitia vioo vya rangi nyekundu, kijani na buluu, kisha zikatupwa ukutani pamoja kwa taa tatu, na rangi zikatokea. Seli zenye umbo la pia ni za aina tatu, na kila kioo cha simu na televisheni kinaitumia siri hiyo. Rangi ya manjano unayoiona katika televisheni si manjano hasa. Ni vitone vya nyekundu na kijani vilivyo karibu mno, na jicho lako ndilo linaloifanya manjano.

KIBATARI CHA USIKU NA KIBATARI CHA MCHANA

Chumba chenye kibatari kimoja usiku, ukiwasha cha pili, kila mtu ataona kwamba chumba kimezidi mwanga. Lakini ukiwasha kibatari hicho hicho uwanjani saa sita mchana, nani atakiona? Mwanga ulioongezeka ni ule ule, ila jicho halihesabu kilichoongezeka, linakilinganisha na kilichokuwepo. Katika karne ya kumi na tisa Wajerumani wawili, Ernst Heinrich Weber na Gustav Fechner, waliligeuza jambo hili kuwa kanuni ya hesabu, na kitabu cha Fechner kilitoka mwaka 1860.

Wataalamu wa picha waliifuata kanuni hiyo. Wangezigawa namba za 0 mpaka 255 sawasawa kwa kiasi cha mwanga, tofauti ya 1 na 2 ingekuwa mwanga mara mbili, na jicho lingeona mistari mibaya katika sehemu za kiza. Tofauti ya 254 na 255 isingefika hata nusu ya asilimia moja, na jicho lisingeiona kabisa. Zingekuwa namba zilizopotea bure. Kwa hiyo hawakuzigawa sawa: sehemu za kiza zilipewa namba nyingi, na sehemu za mwanga mkali zikapewa chache. Katika picha za kawaida, pikseli yenye namba 128, ambayo ni katikati, hutoa kiasi cha asilimia 22 tu ya mwanga wa pikseli yenye 255. Lakini mtu akiitazama husema, "Hii ni nusu." Kwa mizani ya jicho, kasema kweli.

KIJANI KIMEPEWA FUNGU KUBWA

Jicho halizipi rangi zote haki sawa. Linahisi mwangaza wa kijani zaidi kuliko nyekundu, na nyekundu zaidi kuliko buluu. Kompyuta inapoigeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, haichukui theluthi kwa theluthi. Kwa kanuni moja inayotumika sana huchukua asilimia 58.7 ya kijani, asilimia 29.9 ya nyekundu na asilimia 11.4 tu ya buluu.

Bryce Bayer, aliyekuwa mtaalamu wa kampuni ya Kodak ya Marekani, alipopata hataza yake mwaka 1976, aliupanga uso wa kamera kwa kufuata jambo hilo. Katika kila vijiraba vinne, viwili huhisi kijani, kimoja nyekundu na kimoja buluu. Kamera nyingi za simu hadi leo hufuata mpango huu au jamaa zake. Angalieni maana yake: kila kijiraba cha kamera hupima rangi moja tu, na rangi mbili nyengine simu huzikisia kwa kuwatazama majirani. Kwa hiyo hata picha ambayo haijabanwa ina makisio ndani yake.

Kadhalika, kamera hufundishwa kuiga uerevu wa ubongo. Kanzu nyeupe ukiivaa juani ni nyeupe, na ukiivaa chini ya taa ya umeme ya manjano bado unaiona nyeupe, ingawa mwanga unaotoka kwenye kanzu sasa ni wa manjano. Ubongo umekwisha kutoa rangi ya taa. Kamera haina ubongo, kwa hiyo programu yake hukisia rangi ya taa na kuipunguza. Ikikisia vibaya, ndipo picha za harusi ya usiku zinapotoka watu wote ni manjano kama waliopakwa bizari.

KUBANA PICHA

Picha ya simu yenye pikseli milioni 12, kila pikseli ikiwa na namba tatu, inahitaji baiti milioni 36. Lakini faili unaloliona katika simu mara nyingi halizidi baiti milioni tatu au nne. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimetupwa, na zimetupwa kwa hesabu.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mwangaza na rangi. Jicho ni kali sana katika kupambanua mwangaza, lakini ni dhaifu katika kuona mipaka ya rangi. Kwa hiyo mwangaza huhifadhiwa wote, na tabaka mbili za rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, ikabaki robo. Milioni 12 na milioni 3 na milioni 3 ni milioni 18. Nusu ya mzigo imeondoka, na jicho halikuhisi. Hila hii si ngeni. Wahandisi wa televisheni ya rangi ya Marekani waliitumia katika mfumo wao wa mwaka 1953, wakaipa rangi njia nyembamba kuliko mwangaza, na mifumo ya rangi iliyofuata nayo ikafanya hivyo. Televisheni yetu ya Zanzibar, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa ya rangi, nayo iliingia katika njia hiyo.

Hatua ya pili ni ya hesabu, na ina kisa chake. Nasir Ahmed, aliyezaliwa Bangalore, India, mwaka 1940, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kutoka taasisi ya taifa ya sayansi ya huko ili achunguze njia mpya ya kubana picha. Maombi yake yalikataliwa. Hakuiacha kazi. Mwaka 1973 aliitumia likizo ya kiangazi kuendelea nayo bila ya fedha hizo, na Januari 1974, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, wakaichapisha. Njia hiyo ndiyo iliyo moyo wa picha za JPEG, ambazo kanuni zake zilitoka mwaka 1992. Wanafunzi, kila mnapopokea picha katika simu, kuna uwezekano mkubwa kwamba hesabu ya mtu aliyenyimwa msaada imepita hapo.

Njia yenyewe ni hii. Picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, yaani pikseli 64. Kila kipande hugeuzwa kuwa namba nyengine 64. Namba ya kwanza hueleza wastani wa mwangaza wa kipande kizima. Zinazofuata hueleza mabadiliko ya taratibu, kama mawimbi mapana ya bahari shwari. Za mwisho hueleza mabadiliko madogo madogo ya haraka, kama viwimbi vya maji ndani ya sufuria inayotikisika. Mpaka hapo hapajapotea chochote cha maana.

Sasa huja kutupa. Jicho la mwanadamu huona vizuri mawimbi mapana, lakini viwimbi vidogo haliyaoni vizuri, hasa vikiwa hafifu. Basi kila namba hugawanywa kwa kigawanyo chake na kukadiriwa kuwa namba kamili. Katika jaduweli la mfano lililomo katika kanuni za JPEG, kigawanyo cha namba ya kwanza ni 16, na cha namba ya mwisho kabisa ni 99. Tuseme namba ya kwanza ni 160. Gawa kwa 16 upate 10. Ukiirejesha, 10 mara 16 ni 160, hujapoteza kitu. Tuseme namba ya mwisho ni 40. Gawa kwa 99 upate sifuri nukta nne, nayo hukadiriwa kuwa sifuri. Ukiirejesha, sifuri mara 99 ni sifuri. Kiwimbi kile kimekufa wala hakirudi. Picha ikibanwa zaidi, vigawanyo huwa vikubwa zaidi na sifuri huwa nyingi zaidi.

Kwa picha ya mtoto, bahari au mnazi, hii ni hekima kubwa. Hatukosi chochote tunachokihisi, na picha husafiri haraka kwa gharama ndogo.

BASI NUKTA ILIKWENDA WAPI?

Sasa turudi kwenye daftari la babu. Picha ilipigwa usiku. Katika kiza kamera hupata mwanga mdogo, na picha hujaa chenga. Programu ya simu huzifuta chenga kwa kulainisha kila kitone kidogo kisichofanana na jirani zake. Nukta ya wino uliofifia, kwa programu ile, ni chenga.

Pili, kijana alisimama mbali. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 ikichukua meza ya sentimita 60, kila milimita hupata pikseli kama 7. Nukta ya nusu milimita hupata pikseli tatu au nne tu kwa upana.

Tatu, programu nyingi za kutumia ujumbe huipunguza picha kabla ya kuituma. Ikiwa pikseli 4,000 zimefanywa 1,600, zile tatu au nne huwa moja na kidogo, tena imechanganyika na rangi ya karatasi. Nne, picha ikabanwa. Nukta pweke ndani ya kipande cha pikseli 64 habari yake imetawanyika katika namba nyingi ndogo, na nyingi ya hizo ni za viwimbi, ambazo ndizo zinazogeuzwa sifuri.

Na tano, ambayo ndiyo kubwa: ami yetu alipoitazama picha, hakuona tundu wala alama kwamba kitu kimeondoka. Aliona karatasi safi baada ya tano. Kama lile doa la jaribio letu, mahali pa nukta palikuwa pamejazwa.

Sheria za kubana picha zimewekwa kwa ajili ya jicho linalotazama sura na mandhari. Hazikuwekwa kwa ajili ya jicho linalosoma. Kwa anayetazama, nukta ni kitu kidogo. Kwa anayesoma, nukta ndiyo maana yenyewe. Nanyi mnalijua hili kuliko watu wengi, kwani siku zenu za mwanzo chuoni mlifundishwa kwamba ب na ت na ث zina umbo moja, na kinachozipambanua ni nukta. Tarakimu ٢ na ٣ nazo zimetofautiana kwa jino moja tu.

Msidhani kwamba ni hati za Kiarabu tu zenye hatari hii. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za kutoa nakala zilikuwa zikibadilisha namba katika karatasi. Mashine zilitafuta maumbo yanayofanana ili zihifadhi moja badala ya mengi, na 6 iliyoandikwa ndogo ikawekwa 8. Nakala ilitoka safi na kali, haina ukungu, na ilikuwa na makosa. Kosa lenye ukungu humfanya mtu aulize. Kosa safi halimshughulishi mtu.

NASAHA KWA WENYE HATI ZA ZAMANI

Katika nyumba zetu nyingi zimo hati za wazee: wasia, mashairi, hesabu za mashamba, nasaba. Kuzipiga picha ni jambo jema, kwani karatasi huliwa na mchwa na unyevu. Lakini fuateni haya:

1. Pigeni picha mchana, karibu na dirisha, bila ya jua kuanguka moja kwa moja juu ya karatasi.

2. Sogeeni mpaka ukurasa mmoja ujaze kioo. Pigeni ukurasa mzima kwanza, kisha pigeni tena nusu ya juu na nusu ya chini.

3. Wekeni rula pembeni, ili atakayesoma ajue ukubwa wa herufi.

4. Mnapotuma, tumeni kama faili au waraka, si kama picha ya kawaida, ili programu isiipunguze. Skana ikiwepo, hifadhini kwa namna ya PNG au TIFF isiyotupa kitu. Lakini jueni kwamba kuigeuza picha ya JPEG kuwa PNG hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

5. Msifanye nakala ya nakala. Rudini kila mara kwenye faili la mwanzo.

6. Penye idadi, tarehe, jina la mtu au haki ya mtu, msihukumu kwa picha. Fungueni daftari, na wasome watu wawili.

7. Baada ya kupiga picha, msitupe karatasi.

Katika ukoo wetu mambo yalimalizika kwa salama. Wajukuu wa yule bibi walipata mikarafuu yao hamsini, na ami alipopelekewa picha mpya iliyopigwa mchana, kwa karibu, alipiga simu mwenyewe kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mama mkubwa wetu hajapata kusikia jina la Nasir Ahmed wala la Fechner, lakini alijua kupambanua baina ya kitu na sura ya kitu, na hiyo pia ni elimu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ibn al-Haytham alitumia hoja gani kuonyesha kwamba mwanga huingia jichoni kutoka nje?

2. Kwa nini kamera nyingi zina vijiraba vingi vya kijani kuliko vya nyekundu au buluu?

3. Namba 30 ikigawanywa kwa kigawanyo cha 99 na kukadiriwa, itarudi ikiwa ngapi? Na ikigawanywa kwa 10?

4. Muulize babu au bibi yako kama nyumbani kuna hati yoyote ya zamani. Ukiipata, ipige picha mara mbili, usiku kwa mbali na mchana kwa karibu, kisha uhesabu nukta za mstari mmoja katika kila picha. Uje na jawabu darasani, inshaallah.